Nyekundu Juu ya Nyeupe Mbichi

"Bado mbichi."

"Imekauka."

"Nimeigusa kwa kidole, Zabroni. Nyeupe bado mbichi, na wewe umeshaandika nyekundu juu yake."

"Basi usiguse. Umelelewa wapi wewe, unaingia jikoni kwa watu unaanza kubonyeza biskuti?"

"Nimelelewa Mbebe. Si unapajua?"

"Wazee wangu ndio wanapajua. Walifukuzwa huko kama kuku walioingia kwenye mahindi."

"Usinibadilishie habari. Unataka kuniaibisha."

"Mimi? Mimi naandika nilichoagizwa. Nikodemo na Tulinagwe. Nimekosea herufi gani?"

"Hujakosea hata moja. Ndiyo maana nakwambia una roho mbaya."

Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, Tulinagwe mwenyewe, mtandio umelowa mvua na kumganda mabegani. Kati yetu trei za biskuti zimepangwa, kengele na mioyo, zote nyeupe, zote zina jina lake na jina la mwanaume mwingine. Tangu msimu wa kuchuma kahawa nilikuwa sijamwona. Nilikuwa namwombea akonde. Namwombea atoke vipele, macho yaingie ndani. Wapi! Alikuwa mzuri kuliko nilivyomwacha, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi.

Kama hujawahi kuremba biskuti nikueleze haraka, ili uujue ubaya wangu. Aisingi ni ute wa yai, sukari ya unga na ndimu kidogo. Unapiga mpaka inasimama. Nzito unachorea ukingo, nyepesi unajazia katikati, halafu unaiacha. Unaiacha kweli, mpaka ukiigonga kwa kucha inalia kama sahani. Hapo ndipo unaandika kwa rangi. Ukiandika nyekundu juu ya nyeupe mbichi, leo itapendeza tu. Lakini ifungie kwenye boksi la plastiki, na unyevu wa Desemba wa huku kwetu Tunduma, nyekundu inaanza kutembea. Ukija kufungua, majina yameshakuwa kidonda.

Nilitaka kidonda. Kesho kutwa ilikuwa siku ya mahari huko kwao Mbebe. Nilitaka ukoo wote wa Mzee Andongwisye ukae kwenye maturubai, mashangazi na vitenge vyao vipya, wafungue maboksi, waone jina la binti yao linavuja damu juu ya moyo. Sikutaka kingine kwenye Krismasi hii.

Restuta, dada yangu, akaingia na birika. Yeye ndiye mwenye oveni na yeye ndiye aliyepokea oda.

"Wifi, karibu ch..." Akauma ulimi. "Samahani. Tuli. Karibu chai."

"Asante, dada Resti. Tuachie jiko kidogo."

Restuta akanitazama, akamtazama na yeye, akaweka birika chini.

"Msinivunjie biskuti tu," akasema. "Nyie vunjaneni."

Akatoka, akavuta pazia.

Mimi kazi yangu ni kuandika kwenye malori. Ukipita foleni ya mpakani utaona mkono wangu kwenye mabampa, kwenye milango, mistari ya Biblia na majina ya watoto wa watu. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa. Tuli alikuwa anauza biskuti kwa madereva, ndoo kichwani, anapita pembeni ya magari. Siku tuliyokutana nilikuwa nimelala chali chini ya bampa la dereva mmoja wa Kitwe. Nilipomaliza dereva akasema "natotela, natotela", anashukuru kwa Kibemba huku anapiga picha. Nikaona miguu ya msichana imesimama karibu na kichwa changu.

"Mkono mzuri hivyo unaupotezea kwenye matope," akasema.

"Nionyeshe pa kuupeleka."

Akanileta kwenye aisingi. Yeye anaoka, mimi naandika. Krismasi iliyopita tulifanya kazi kwenye meza hii hii, na yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuwa ananishika kifundo cha mkono, ananiambia, "Usiburute. Inyanyue, iache ianguke yenyewe." Mimi nikawa nakosea makusudi ili anishike tena. Siku moja ikamrukia aisingi, ikaganda juu ya mdomo.

"Una kitu hapo," nikamwambia.

"Toa basi."

Sikuitoa kwa kidole.

Kahawa ilipoanza kuchumwa nikatuma washenga. Baba mdogo Emanueli alitoka Hasamba na viatu vyake vya kanisani, akaenda na mzee mwenzake mpaka Mbebe. Jioni wakarudi. Mzee Andongwisye hakuwapa hata kigoda. Aliwaambia wakiwa mlangoni, "Hapa hakuna binti. Huyo mwandika malori wenu aliishia darasa la ngapi? Nendeni." Baba mdogo alivivua vile viatu mbele yangu, akavifunga kwenye mfuko wa rambo.

"Sivivai tena kwa ajili ya hao watu," akasema. "Mimi nina kahawa yangu na mahindi yangu. Sibembelezi mtu."

Siku ile ile nikamfungia Tuli namba. Ndipo nikaanza kungoja zamu yangu. Na zamu ikaja yenyewe, imeletwa na huyo huyo bwana harusi, kijana wa kutoa mizigo forodhani, amevaa saa kubwa, anamwambia dada yangu anataka biskuti za kupendeza. Nikamwambia Restuta, hii niachie mimi. Akafikiri nimepona.

"Nilikungoja," Tuli akasema.

"Ulingoja nini? Baba yako aliwafukuza watu wazima. Baba mdogo ana mvi."

"Hujui kitu wewe."

"Nijue nini? Alisema hapa hakuna binti! Au siyo wewe? Labda alikuwa na binti mwingine amemficha darini."

"Wa kwanza wanafukuzwa, Zabroni!"

Alipiga meza. Biskuti zikaruka kidogo kwenye trei.

"Ukoo wetu ndivyo ulivyo," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Wakija mara ya kwanza wanafukuzwa, hata angekuwa mchungaji. Baba yangu mwenyewe alifukuzwa na babu, akaambiwa ana miguu ya bata. Mjomba alimwagiwa maji ya dagaa. Wanafukuzwa ili waonekane kama watarudi. Wakirudi wote wanacheka, kigoda kinatoka, watu wanakula."

"Unanidanganya."

"Mama alichinja jogoo."

"Jogoo gani?"

"Alijua mtarudi kesho yake. Baba alitoa kigoda mwenyewe, akakifuta, akakiweka nje mlangoni. Akavaa koti. Alikaa na lile koti mchana kutwa, kila gari likisikika huko chini anasimama. Jioni tukamla yule jogoo wenyewe."

"Aliisema mpaka shule yangu."

"Si lazima atafute la kusema! Nikodemo aliambiwa ana kichwa kama kitunguu."

Kicheko kilinifika kooni nikakirudisha. Sikutaka kucheka naye. Mtu unayemlipizia kisasi ukicheka naye, basi tena.

"Na yeye?" nikauliza.

"Alirudi. Kesho yake asubuhi, na wazee wake. Walipoacha lami Isongole gari likakwama, wakapanda mlima kwa miguu. Alifika na matope mpaka magotini, akamwambia baba, 'Shikamoo mzee, kitunguu kimerudi.' Baba alicheka mpaka akakaa chini."

Niliusikia mvuke wa birika. Nje malori yalikuwa yanapiga honi kwenye foleni, kama kila siku.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Binti hasemi. Ukishaambiwa, hapo umepimwa nini? Lakini mimi kwa ajili yako nilitaka kusema. Nilipiga simu mpaka vidole vikauma. Umenifungia. Nikapanda gari mpaka hapa, dada Resti akasimama mlangoni akaniambia umeenda kuandika malori Sumbawanga. Na viatu vyako nimeviona, viko pale chini ya ngazi."

"Nilimtuma mimi aseme hivyo."

"Najua. Nilikusikia ukikohoa."

Akachukua biskuti moja, moyo, akaiweka kiganjani kama mtu anayepima ndege aliyekufa. Nyekundu ilikuwa bado inang'aa. Mkia wa herufi T nilikuwa nimeukunja vizuri, kama ninavyoukunja kila mara, kama nilivyoukunja siku ile ya kwanza nilipoandika jina lake kwenye sahani.

"Unafikiri oda hii ilikujaje hapa?" akauliza.

"Nikodemo aliileta."

"Nikodemo hajui hata wewe ni nani. Tunduma nzima imejaa watu wa keki. Mimi ndiye niliyemwambia, nenda Sogea, kwa dada Resti, mwambie nataka yule kaka yake ndiye aandike."

"Wewe?"

"Mimi. Nilitaka ukae hapa kwenye meza hii uandike jina lake karibu na jina langu. Moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Nilitaka mkono ukuume. Nilitaka kila ukifika kwenye T ukumbuke."

Aliyasema bila kupandisha sauti, na macho yake hayakuniacha. Nikaona kumbe tulikuwa wawili. Wakati mimi nakaa hapa nanoa kisu changu, na yeye huko kwao mlimani alikuwa ananoa chake. Na kwa kweli mkono uliniuma. Uliniuma toka asubuhi. Lakini ningekufa kabla ya kumwambia.

"Haujauma," nikasema.

"Mwongo."

Akazunguka meza. Alikuja mpaka nikasikia harufu ya mvua kwenye nywele zake, na ile ya vanila ambayo haimtoki hata akioga. Akanishika kifundo cha mkono, pale pale.

"Kesho ni Krismasi," akasema. "Mahari ni kesho kutwa. Mahari haijapokelewa, Zabroni. Baba hajanywa pombe ya mtu. Wazee wako wakifika kesho, hata jioni, hata kama mvua inanyesha mawe, atasimama mlangoni."

"Atawafukuza."

"Atawafukuza, maana ile ya kwanza imeshapitwa. Halafu watazunguka nyumba, watarudi mlangoni. Itahesabika. Nimemuuliza shangazi."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Na Nikodemo?"

"Nikodemo ni mtu mzuri. Atanichukia, na ni haki yake." Akaminya kifundo changu. "Sijaja kuchukua biskuti tu. Hizo angeweza kuja kuchukua mtu yeyote. Nimekuja nikutazame. Sema neno moja."

Wewe unayesoma najua unanipigia kelele sasa hivi. Hata mimi najipigia. Neno lilikuwepo. Lilikuwa fupi, lilikuwa hapa kwenye meno. Lakini nikamwona baba mdogo anafunga viatu vyake kwenye rambo. Nikamwona Nikodemo na matope yake, watu wanamcheka kwa upendo, anapewa kigoda changu. Nikafikiria mimi ninaingia pale sasa, siku ya mwisho, mashangazi wanaminyana viwiko: huyo ndiye alinuna. Moyo ukawa mgumu kama aisingi iliyosahauliwa kwenye bakuli.

"Niende nikafukuzwe tena?" nikasema. "Ili mcheke?"

"Ndiyo. Ufukuzwe tena. Kwa ajili yangu."

"Mwambie baba yako aje yeye. Aje hapa Sogea, asimame pale nje kwenye tope, nimwambie hapa hakuna mkwe. Nimuulize yeye kasoma mpaka darasa la ngapi. Nimfukuze. Akirudi, tutaongea."

Nikaona uso wake. Ningempiga kofi ungekuwa na nafuu. Hakulia. Aliuachia mkono wangu taratibu, kidole kwa kidole, akarudi upande wake wa meza.

"Haya," akasema. "Nipakie."

"Tuli..."

"Maboksi si hayo? Nipakie biskuti zangu."

"Subiri nizikwangue. Nina nyeupe nyingine kwenye bakuli, nitajazia upya. Nitaziweka kwenye oveni yenye joto kidogo zikauke. Jioni zitakuwa tayari, nitaandika vizuri."

"Usiziguse. Oda ni yangu na nimeikubali."

"Zitavuja!"

"Najua zitavuja. Nani alikufundisha?" Alianza kupanga mwenyewe, haraka haraka, kengele juu ya kengele, bila hata karatasi katikati. "Zikivuja ndiyo vizuri. Watafungua. Mama atauliza, jamani, nani ameandika uchafu huu? Nitasimama niseme. Zabroni wa Hasamba, yule mwandika malori. Alifukuzwa mara moja akaenda kununa, na hili ndilo jibu lake. Nitasema jina lako lote. Na baba, ambaye mpaka leo anajilaumu ulimi wake, atalala vizuri siku hiyo. Atajua alifukuza mtu wa kufukuzwa."

Nilinyoosha mkono kuchukua kisu cha kukwangulia. Akaniwahi, akakisukuma kikaanguka chini ya meza. Tukasimama tunatazamana, pumzi juu juu, na kama mtu angevuta pazia wakati ule angefikiri ni watu wanaopendana.

Nje gari likapiga honi, mara mbili, kwa adabu.

"Hodi humu! Fundi yupo?"

Nikodemo aliingia ameinamisha kichwa chini ya kizingiti. Na kweli kichwa chake kilikuwa na umbo la kitunguu, chini kipana, juu chembamba. Akanipa mkono. Wangu ulikuwa na rangi nyekundu mpaka kwenye kucha, hakujali, akaushika wote na kuutikisa.

"Kaka, shikamoo kazi," akasema, anachungulia boksi. "Aisee. Huu ni mkono au mashine? Tuli, umeona hilo jina langu? Sijawahi kuliona limependeza hivi, hata kwenye cheti cha ubatizo."

"Nimeliona," Tuli akasema.

"Mama yangu atalia. Nakwambia hataila, ataiweka kabatini na vyombo." Akanigeukia, meno yote nje. "Fundi, huyu alikataa mtu mwingine yeyote. Nikamwambia mbona kuna dada mmoja pale Majengo, akasema hapana, ni yule tu. Sasa naona kwa nini. Kesho kutwa uje bwana. Uje ule kazi ya mikono yako. Nitakutafutia usafiri mpaka mlimani."

Nilifungua mdomo. Mtu wa watu, hana kosa lolote, na mimi ndani ya boksi lake nimempangia aibu. Nilitaka awe mjinga. Nilitaka awe na dharau, aniulize kidato, anitupie hela mezani, nipate pa kushikia.

"Haji," Tuli akasema kabla sijajibu.

"Kwa nini?"

"Ile njia hawezi. Nilimuuliza."

"Ah, njia gani? Hata mimi nilipanda na tope!" Nikodemo akacheka, akabeba maboksi mawili, akayakumbatia kama mtoto mchanga. "Basi Mungu akubariki, kaka. Krismasi njema. Dada yuko wapi nimuage? Dada! Tunaondoka!"

Akatoka. Nilimsikia anaongea na Restuta barazani, anamsifia, Restuta anacheka kile kicheko chake cha wageni. Mlango wa gari ukafunguliwa.

Tuli alibaki na boksi moja. Alikuwa ameshafika kwenye pazia, mgongo kwangu, mtandio bado unadondosha maji sakafuni.

"Tuli."

Akasimama. Akageuza uso nusu. Nakwambia ukweli, alisubiri. Alisubiri muda ambao mtu mwingine asingenipa.

Nikatafuta lile neno fupi. Nilipofungua mdomo likatoka jingine.

"Fungueni vifuniko njiani," nikasema. "Mkiziacha wazi kwenye gari, zikapata hewa, zitakauka kabla nyekundu haijatembea. Zitapona."

Akanitazama. Akalitazama boksi mikononi mwake, kifuniko kilikuwa kimelegea pembe moja. Akaweka kiganja juu yake akakibonyeza, pembe hii, halafu pembe ile, mpaka kikalia.

Halafu akageuka, akapita kwenye pazia, akaenda zake mvuani.